Nyavu za bomba za kulimia mwani: tumezitumia Jambiani, na haya ndiyo majibu yangu

Nianze na jibu lenyewe kwa wenye haraka. Kwa mwani mnene, ile aina ya bei kubwa isiyovumilia joto, nyavu za bomba zinafaa, tena zinafaa sana. Kwa mwani mwembamba, ile aina ya bei ndogo, ni gharama isiyo na sababu. Kamba na vijiti vinatosha. Na kwa kikundi ambacho hakina chombo cha kwendea kina kirefu, wala watu wanaojua kuogelea, zitakaa stoo zikiliwa na panya.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani hapa Jambiani, Unguja. Mama yangu ni miongoni mwa wanawake waliofunga kamba za mwanzo mwanzo, na mimi nimekulia pwani nikimbebea vijiti. Nyavu hizi hazikutufikia kupitia dukani. Zilikuja na mradi wa utafiti, kwa hiyo hapa napima vitu viwili kwa pamoja: wavu wenyewe, na huduma ya utafiti iliyoambatana nao. Naviunganisha kwa makusudi. Vikundi vya Pemba, Tanga na Kibuyuni kule Kwale, Kenya, vinavyotupigia simu huuliza bei ya wavu tu, na mimi nawajibu kuwa wavu ni sehemu ndogo ya kazi.

Tukitazame kitu chenyewe. Ni wavu wa nailoni uliofumwa kwa duara, kama soksi ndefu isiyo na kisigino, urefu wa mita kumi hivi. Unachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, unauvisha wavu kwa nje mpaka wote ujikunje juu ya bomba, unafunga ncha. Kisha mmoja anatia vikonyo vya mwani ndani ya bomba, mwingine anavisukuma kwa mti, na wa tatu anauachia wavu taratibu huku bomba likirudi nyuma. Mwani unabaki umejaa ndani ya wavu kutoka ncha hadi ncha. Baada ya siku chache baharini matawi yanaanza kutokeza kwenye matundu, na mwisho wa mzunguko, kama wiki sita, wavu wenyewe huuoni, unaona mwani mtupu.

Wakulima wenzangu watajua mara moja tumeokoa nini hapo. Hakuna taitai. Kwa njia ya kawaida kila kikonyo kinafungwa kwa uzi wake, kikonyo baada ya kikonyo, kamba baada ya kamba, mtu ameinama chini ya mnazi tangu alfajiri hadi vidole vinachubuka. Mama anazo alama za taitai katika kidole gumba na cha shahada mpaka leo. Halafu taitai zile ni plastiki. Zikikatika zinabaki mchangani, na ukitembea pwani yetu maji yakipwa utaziokota kwa kiganja. Kwa wavu, watu watatu waliozoea wanaujaza huku wanazungumza. Faida nyingine ni kwamba mwani ukikatika haupotei. Katika kamba, tawi likikatika limekwenda na mkondo, utalikuta limetupwa ufukweni mwa hoteli na wafanyakazi wanalifukia kama taka. Ndani ya wavu linabaki na kuendelea kukua.

Sasa kwa nini mtu ahangaike kupeleka mwani kina kirefu wakati pwani iko mlangoni? Kwa sababu ya joto. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989, hapa Jambiani na kwa jirani zetu wa Paje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili: mwembamba, ambao wanunuzi wanauita spinosamu, na mnene, ambao wanauita kotonii. Mnene ndio wenye fedha. Utomvu wake ukipikwa unaganda na kuwa mgumu, viwanda vya chakula na vipodozi huko nje vinautaka, na kwa kawaida kilo yake hulipwa mara mbili ya mwembamba au zaidi. Lakini mnene hauvumilii. Maji ya ndani ya mwamba, yale tunayoyavuka kwa miguu yakipwa, wakati wa kaskazi hupanda juu ya nyuzi 30, na mchana wa bamvua, maji yanapokupwa sana, jua likiwa utosini hupita hapo tena. Mwani unapauka, unakuwa mweupe, unalainika, unakatika. Wataalamu wanauita ugonjwa huu aisi-aisi, na wanaeleza kuwa kijidudu peke yake hakiuanzishi. Mwani huchoshwa kwanza na joto, au na maji ya mvua za masika yanayopunguza chumvi, kisha bakteria waliokuwapo siku zote wanapata pa kuingilia.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnene ulikufa kijiji baada ya kijiji upande wetu wa mashariki. Wengi wakabaki na mwembamba: kazi ile ile, jua lile lile, nusu ya fedha. Wengine waliacha kabisa wakaenda kusuka watalii nywele au kufua mashuka ya hoteli. Mama hakuacha. Kila kaskazi ikiisha alikuwa akitafuta mbegu ya mnene kwa watu, anapanda kamba mbili tatu, unakua mpaka unampa matumaini, kisha kaskazi nyingine inakuja inaumaliza.

Mbele zaidi, penye maji ya mita mbili, tatu na kuendelea hata yakipwa, bahari haipati moto kiasi hicho. Hiyo ndiyo hoja nzima ya wavu wa bomba: si kwamba wavu unaponya ugonjwa, bali unawezesha kuupanda mwani mahali ambapo huwezi kupigilia kijiti. Brazil na India walizitumia kabla yetu. Huku kwetu walioziendeleza ni Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na mwenzake Cecile Brugere, katika mradi wa Sea PoWer katikati ya muongo wa 2010, na walilifanya jambo la maana ambalo watafiti wengi hulikwepa: walizijaribu mikononi mwa wanawake wanaolima, si katika tangi la chuo.

Jambiani tulizipata baadaye, kupitia mradi mwingine wa utafiti. Shamba letu liko nje ya eneo la majani ya bahari, tunakwenda kwa ngarawa. Kamba kubwa mbili zimelazwa sambamba, zimeshikwa chini kwa magunia ya mchanga na juu kwa maboya, na nyavu zimefungwa kati yake. Maboya mengi ni madumu matupu ya mafuta ya kupikia. Mazuri ya dukani ni ghali na yanaibwa. Kufika ni rahisi siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na upepo mdogo. Kipindi cha kusi ni habari nyingine. Mwezi wa Juni na Julai mawimbi yanavuka mwamba, ngarawa inarushwa, na nyavu zenyewe zikijaa mwani zinakuwa nzito kiasi cha kuvuta magunia. Tulipoteza nyavu kadhaa kwa namna hiyo katika kusi ya kwanza, kamba kubwa ilikatika usiku. Sasa kusi ikianza tunaongeza magunia na kuzipunguza nyavu, na mwani unakua polepole zaidi lakini hauumwi.

Tasi ni tatizo la pili. Samaki huyu anapenda mwani kuliko sisi tunavyompenda yeye kwa wali. Katika wavu hawezi kumaliza yote, kwa sababu shina limo ndani, ila anakula ncha zote zilizotokeza na wavu unabaki umekatwa kama ua lililofyekwa. Mbaya zaidi ni mwani-uzi, ule ukungu wa kijani na kahawia unaojizungusha. Matundu ya wavu yanaushika pamoja na tope. Usipozitikisa nyavu kila unapofika, mwanga haupenyi na mwani wa ndani unaoza. Wanaosema kuwa ukishaweka wavu unarudi kuvuna tu hawajalima nao. Kazi ya kufunga imepungua, kazi ya kusafisha imeongezeka. Kwa jumla bado naona tumepata faida, lakini mtu asiambiwe kuwa ni kazi nyepesi.

Mavuno je? Tunatia kama kilo kumi za mbegu mbichi kwa wavu. Miezi mizuri, baada ya masika kutulia na kabla ya kaskazi kushika moto, wavu mmoja hutupa kilo hamsini na kuzidi. Miezi mibaya ishirini, na mara nyingine tumetoa tulichotia. Mwani mbichi ukikauka unabaki kama sehemu moja kati ya saba au kumi, kwa hiyo mtu asihesabu fedha akiwa bado ndani ya ngarawa. Kukausha tunatumia chanja, hatuaniki tena mchangani. Mnunuzi akikuta mchanga anashusha bei, na ana haki. Mwani wa kwenye nyavu hutoka safi kuliko wa pwani kwa sababu haugusi chini. Hilo ni jambo ambalo sikulitarajia na limetusaidia kwenye mizani.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: tumelima mnene kaskazi nzima na haukufa wote. Ulipauka kiasi, tuliukata, tulipoteza baadhi ya nyavu, lakini mbegu ilibaki. Mama alipoletewa tawi la mnene mwezi wa Februari alilivunja, akalinusa, akaniuliza, "Hili limetoka wapi, mwanangu?" Nikamwambia limetoka kwetu. Yeye haendi kina kirefu, miguu haimruhusu, lakini tangu siku hiyo anakuja chini ya mnazi kusukuma mti wa bomba na vijana.

Sasa nije kwenye huduma iliyokuja na nyavu, na hapa nawaomba wenye kutoa fedha za utafiti wasome polepole.

Sehemu bora ya mradi, nasema kwa moyo wote, ilikuwa mafunzo ya kuogelea. Wanawake wengi wa pwani hatujui kuogelea. Tumezaliwa baharini na tunaishi baharini, lakini bahari yetu inaishia kifuani. Waliletwa walimu wanawake, tukafunzwa asubuhi mapema mahali ambapo hakuna macho ya watu, tukiwa tumejisitiri kwa nguo nyepesi zisizonywa maji kama buibui. Shoga yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alilia siku ya kwanza alipoweza kulala juu ya maji. Waume wawili waliokuwa wamekataa wake zao wasiende walibadilika baada ya kuona jaketi za kuokolea na kumsikia sheha akiunga mkono. Bila mafunzo hayo nyavu zingekuwa mali ya wanaume kabla ya mwaka kwisha, maana mwenye ngarawa ndiye mwenye shamba. Hata sasa nahodha wetu ni mwanamume na tunamlipa fungu lake, lakini funguo ya stoo iko kwetu.

Sehemu ya pili nzuri alikuwa mwanafunzi aliyekaa nasi. Hakuwa na gari la mradi. Alikuja kwa daladala namba 309 na kipimajoto chake, akatufundisha kusoma nyuzi, kupima uzito wa wavu kabla na baada, na kuandika yote kwenye daftari lenye mistari. Alitueleza kwa nini tunaandika siku ambayo hakuna lililotokea. Daftari lile tunaliendeleza mpaka leo, kwa kalamu zetu.

Yaliyobaki hayakunipendeza. Mradi ulifungwa katikati ya kusi. Fedha zilikuwa zimepangwa kwa kalenda ya ofisi, na bahari yetu inakwenda kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Ukipima mwani kaskazi moja na nusu ya kusi, hujapima kitu. Mwaka mmoja unaweza kuwa na mvua nyingi, mwingine jua kali. Huwezi kumwambia mkulima "njia hii inafaa" mpaka umeiona katika miaka kadhaa inayotofautiana. Walipoondoka waliondoka na karatasi za maswali tulizojaza, na matokeo hayakurudi kijijini. Hatukuwahi kuoneshwa wenzetu wa vijiji vingine walipata nini. Sisi tulitoa miili yetu na muda wetu katika utafiti ule; kurudishiwa majibu, kwa Kiswahili, kwenye skuli ya kijiji, ni sehemu ya malipo yetu.

Tena hawakugusa kabisa suala la mbegu, na mimi naona hapo ndipo fedha inapotakiwa kuliko popote.

Mwani hatuupandi kwa punje. Tunakata vikonyo vya ule uliokomaa na kuvipanda upya, miaka nenda miaka rudi. Mnene ninaoutia kwenye wavu leo ni kipande cha kipande cha ule ulioletwa kutoka Ufilipino. Sijasikia kuwa kuna damu mpya iliyoingia. Watafiti wa vinasaba wamechunguza mashamba ya Zanzibar na kukuta kuwa mwani tunaolima ni wa asili ya Asia, na wakati huo huo wamekuta kwenye miamba ya Afrika Mashariki kuna jamaa zake wa asili wa huku huku, ambao hawakuletwa na mtu. Mimi niliposikia hilo sikulala. Maana yake huenda kuna mnene uliozoea joto la pwani hii tangu zamani za kale, na hakuna aliyeupanda kwa utulivu katika vijiji kumi, kwa misimu kumi, akaona kama unafaa. Hiyo si kazi ya kikundi cha wanawake wenye ngarawa moja, na kampuni ya kununua mwani haitaifanya pia, kwa sababu faida yake haiji mwaka huu wala ujao. Ni kazi ya fedha ya umma.

Ufilipino hawakai kusubiri. Kituo cha SEAFDEC, shirika la maendeleo ya uvuvi la Kusini-Mashariki mwa Asia, kule Iloilo huzalisha miche ya mwani maabara, kutoka kipande kidogo cha mmea, kisha huikuza na kuipeleka kwa wakulima. Kwetu tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyo Unguja tangu 1978, tuna taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, na tuna Wizara nzima ya Uchumi wa Buluu. Wataalamu tunao. Wanachokosa ni fedha inayokaa.

Watu husema mwani uliletwa na wafanyabiashara. Ni kweli walikuja. Lakini Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani zetu tangu miaka ya 1970, akieleza unavyokua na namna unavyoweza kulimwa, zaidi ya muongo mmoja kabla kamba ya kwanza ya biashara haijafungwa Paje. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanapita 20,000, na karibu wanane katika kila kumi ni wanawake. Mama yangu aliezeka nyumba kwa bati na kutusomesha kwa fedha iliyoanzia kwenye daftari la mtu aliyekuwa akipima mwani wakati hapa kijijini hakuna aliyewaza kuulima. Anayeuliza utafiti una faida gani kwa mwananchi wa kawaida aje aone bati hilo.

Wafadhili wa nje wamesaidia na nawashukuru. Sweden imefadhili kwa miaka mingi ruzuku za utafiti wa bahari ziitwazo MASMA, zinazotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake hapa Unguja, na ninaupenda utaratibu huo kwa sababu unawakutanisha watafiti wa ukanda mzima. Joto lililoua mwani wetu halikusimama mpakani Vanga kuonesha pasipoti. Kinachogunduliwa Kwale kinatufaa Jambiani, na cha Madagaska kinawafaa Mtwara. Hata huu ushirika wa mwani wa Zanzibar, ZaSCI, ulioanza 2006 na uliotufunza kutengeneza sabuni na unga wa mwani badala ya kuuza magunia tu, ulizaliwa katika mpango wa chuo kikuu ulioungwa mkono na Sweden. Sabuni hizo nazijua vizuri, natumia ya karafuu nyumbani, lakini hizo nitaziandikia siku nyingine.

Tatizo ni pale fedha yote inapotegemea uamuzi wa mtu wa mbali. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilipopunguza misaada, shirika lao la utafiti, UKRI, lilitangaza pengo la pauni milioni 120 katika fedha za miradi ya kimataifa iliyokwisha kuahidiwa. Miongoni mwa kazi zilizokuwa zikigharimiwa kutoka mfuko ule ni GlobalSeaweedSTAR, mradi wa magonjwa na mbegu za mwani uliozishirikisha Tanzania, Malaysia na Ufilipino. Nilipoelezwa habari hizi nilifahamu kwa nini watafiti wetu huahidi kwa tahadhari. Uamuzi wa London unaweza kuzuia kipimajoto cha Jambiani kisisomwe.

Ombi langu ni kwamba sehemu ndogo ya thamani ya kila kilo ya mwani inayosafirishwa kutoka Zanzibar itengwe kwa ajili ya vitalu vya mbegu na upimaji wa kudumu, na wakulima wawe na viti kwenye kamati inayoamua. Wanunuzi nao wachangie. Bila mbegu magunia yao yatakuwa matupu kabla ya yetu. Na wafadhili wa nje wakija, waje kwa miaka mitano, waache chombo kijijini, na walipe watu wawili wa hapa hapa kusoma vipimo kila wiki. Sisi tunajua kusoma na kuandika.

Nirudi kwenye nyavu, kwa wale wanaotaka kuagiza. Ulizeni kwanza upana wa tundu. La kupitisha vidole viwili linatosha. Kubwa zaidi ya hapo vikonyo vidogo vinamwagika, dogo zaidi ya hapo tope linajaa na mwani haupati mwanga. Nailoni nyembamba ya bei nafuu ikataeni, inachanika mara ya pili ukivuta mwani kuutoa. Wavu mzuri tumeutumia mizunguko mingi kwa kuushona hapa na pale. Bomba nunueni wenyewe mjini, na lainisheni kingo zake kwa msasa, vinginevyo litakata wavu na mikono. Msiagize nyingi. Anzeni na nyavu kumi, kaskazi nzima na kusi nzima, zikiwa pamoja na kamba chache za kawaida za kulinganishia, na kila kitu kiandikwe. Kabla ya hayo yote, hakikisheni mna chombo, jaketi za watu wote, na angalau nusu ya kikundi inayoweza kuogelea kutoka boya moja hadi jingine.

Kikundi kinachotaka kuliona daftari letu la nyuzi na uzito kinakaribishwa Jambiani, na tutawapa nafasi ya kulinakili bila malipo. Njooni siku za maji mafu, kwa sababu bamvua ikifika sote tuko pwani kwenye mwembamba na hamtamkuta mtu nyumbani wa kuwafungulia stoo.